Sura ya Sita: Filamu za Mlangoni

Namba 40 ndiyo iliyotugombanisha.

Tulikuwa tumeketi barazani kwetu Gongoni baada ya isha, mimi na binamu yangu, daftari langu la filamu limefunguliwa kati yetu na tochi ya simu inawaka. Upepo wa kutoka Ngomeni ulikuwa ukizigeuza kurasa, nikaziwekea kiatu. Namba 1 hadi 35 tulizipita bila neno. Huko juu hakuna mzozo. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 haijawahi kushuka, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilipata kiti siku ileile niliyoiona, na Supa Modo hata binamu yangu, ambaye hana subira na hadithi za watoto, huitazama ameinamisha kichwa ili nisimwone macho. Lakini kuanzia namba 36 sauti zilianza kupanda. Tulipofika 40 mama alitoka ndani, mikono ina unga, akauliza tunagombania nini usiku huu.

"Filamu, mama."

"Filamu gani?"

"Hiyo ndiyo hatujakubaliana."

Akatutazama kidogo, akarudi kwenye unga wake.

Daftari lenyewe nililinunua nikiwa kidato cha tatu, daftari la kawaida la kurasa 48. Niliamua kila filamu ipate ukurasa wake, na kurasa 8 za mwisho niziache kwa makosa. Arobaini ilizaliwa hivyo, kwa hesabu ya dukani. Ni orodha ya filamu za kwetu tu. Filamu mpya ikistahili kuingia, nabandika karatasi juu ya ukurasa wa ile inayotoka, na niandike upya jina, mwaka, mahali nilipoitazama na nani aliyekuwa kando yangu. Kurasa za mwanzo bado ni laini. Za mwisho zimekuwa ngumu kwa gundi, na ukizigeuza zinalia.

Watu wakisikia habari za daftari hili huuliza namba moja ni ipi. Hakuna aliyewahi kuniuliza namba 41. Nami naamini kazi yote ya orodha iko hapo. Filamu unayoipenda kuliko zote hujipanga yenyewe, unaipenda kabla hujajua kwa nini. Ile ya ukingoni inakudai sababu, na sababu hiyo ukiitamka kwa sauti mbele ya binamu mbishi, papo hapo unasikia kama ina uzito au ni maneno matupu.

Jarida la Sight and Sound la Uingereza limekuwa likipigisha kura za filamu bora duniani kila baada ya miaka 10 tangu 1952. Mwaka 2022 wapiga kura walizidi 1,600, kila mmoja akataja filamu 10, na iliyoongoza ikawa Jeanne Dielman ya Chantal Akerman. Katika 100 za mwanzo, waongozaji wa Afrika niliowakuta ni Wasenegali wawili, Djibril Diop Mambéty kwa Touki Bouki na Ousmane Sembène kwa La Noire de... Nafasi ya saba ilikwenda kwa Beau Travail ya Mfaransa Claire Denis, ambayo ilipigwa Djibouti, upande wetu huu wa Afrika, chini ya jua ambalo mtu wa Gongoni analijua. Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Jua letu limo, chumvi ya Djibouti imo, lakini filamu inahesabiwa ya Wafaransa, na sawa. Basi ni nini kinachoifanya filamu iwe ya kwetu? Na ikiwa ya kwetu, ni nini kinachoifanya istahili?

Jibu langu la swali la pili nililipata nikiwa mtoto, kabla ya swali lenyewe.

Gongoni ya utotoni mwangu ilikuwa na banda la video. Kuta za mabati, paa la makuti, jenereta nyuma, mabenchi yasiyo na migongo. Siku ya malipo katika mashamba ya chumvi ndiyo ilikuwa sikukuu ya banda. Wanaume walitoka chumvini na nyayo zimepasuka, wakaoga, wakaja. Bawabu alikuwa na sheria zake. Mwenye kiingilio kamili aliingia mwanzo. Mwenye nusu alisimama mlangoni mpaka nusu ya filamu ipite, kisha akaruhusiwa. Asiye na kitu alirudi nyumbani, na kesho yake njiani kwenda shule alisimuliwa na waliokuwamo.

Mimi nilikuwa mtu wa nusu. Nilisimama mlangoni nikisikiliza ngumi na nyimbo bila kuona picha, nikiingia mbio sauti ya "haya, wa nusu!" inapotoka. Mwanzo wa filamu nilisimuliwa, mwisho niliuona. Asubuhi nikawa mimi ninayewasimulia wasio na kitu, mwanzo wa kuambiwa nikiuunga na mwisho wa kuona. Nikagundua mapema kwamba zipo filamu zinazosimulika na zipo zisizosimulika, na kwamba jambo hili halihusiani na kelele. Filamu nyingine ilijaa milipuko usiku kucha, na asubuhi tulipofika kwenye kona ya barabara ilikuwa imekwisha, hakuna wa kuuliza "kisha?" Nyingine ilikuwa ya watu wawili wanazungumza ndani ya nyumba, na tulichelewa shule kwa ajili yake.

Sholay ilituchelewesha shule wiki nzima. Ni filamu ya Ramesh Sippy ya mwaka 1975, ina zaidi ya saa tatu, na kila aliyeiona alikuwa na Gabbar Singh wake, yule jambazi. Tatizo lilikuwa mwisho. Kijana mmoja aliapa kwamba Thakur, aliyekatwa mikono yote miwili, alimuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Sisi wa bandani tuliona polisi wakifika na kumzuia. Tulimwita mwongo, naye akalia. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwisho ule wa kumuua Gabbar ndio uliopigwa kwanza, na wakaguzi wa filamu wa India wakaamuru ubadilishwe kabla ya kutolewa; nakala ya kwanza ikawa inapita kwa njia za pembeni. Yule kijana alikuwa mkweli. Ananidai radhi mpaka leo, na kama anasoma sura hii, naomba anisamehe.

Kipimo cha mlangoni sikukiacha nilipokua. Filamu inastahili ukurasa ikiwa aliyeiona anaweza kumsimulia asiyeiona, na asiyeiona akauliza "kisha?" Kipimo hiki hakisemi lolote juu ya bajeti, wala ubora wa kamera, wala tuzo. Kina upungufu wake, nao utaonekana.

Sasa neno kwetu. Sholay haimo katika daftari, ingawa imenilea. Zanzibar na Dar es Salaam zilikuwa na vizazi vizima vilivyomlilia Nargis katika Mother India ya mwaka 1957, na wapo wazee wa Pwani ambao hawajui Kihindi lakini nyimbo za Raj Kapoor wanaziimba hadi mwisho. Ningeweza kusema hizo ni za kwetu kwa haki ya machozi. Nilijaribu, na daftari likafurika. Hivyo nikaweka kanuni moja: iwe watu wa huku ndio wanaoishi ndani ya hadithi, kwa lugha yao au kwa mambo yao, hata kama pesa na kamera zimetoka kwingine. Sikuangalia pasipoti ya mwongozaji. Niliangalia ni nani anayebaki ukiisimulia.

Kwa kanuni hiyo Out of Africa ilitoka, nami sikuitoa kwa furaha. Filamu ya Sydney Pollack ya mwaka 1985 ilibeba Oscar 7, na picha zake za Ngong ni nzuri mno. Tena ina uhusiano na Kilifi: yule Denys Finch Hatton wa kweli, mwanamume wa hadithi ile, alikuwa na nyumba Takaungu, kusini mwa mji wa Kilifi, kabla ndege yake haijaanguka Voi mwaka 1931. Mara ya kwanza nilipojua hilo nilitaka kuiweka kwa ajili ya Takaungu tu. Lakini isimulie. Kuna mwanamke, kuna mwanamume, kuna shamba la kahawa, kuna ndege. Farah, mtumishi wa mwanamke huyo, anayeigizwa na Malick Bowens wa Mali kwa heshima kubwa, anakutoka mdomoni kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Watu wa huku wamo katika picha lakini hawamo katika "kisha?" Nimeiacha nje, na kila nikiitazama tena naumia kidogo.

Die weiße Massai ya mwaka 2005, inayoanzia Mombasa, ilitoka kwa sababu hiyohiyo na kwa haraka zaidi.

Paradise: Love ndiyo iliyonisumbua. Ulrich Seidl wa Austria aliipeleka Cannes mwaka 2012. Mama wa Kiaustria, Teresa, anakuja likizo katika pwani ya Kenya na kutafuta mapenzi kwa vijana wa ufuoni. Munga, anayeigizwa na Peter Kazungu, ni mmoja wao. Hakuna anayetoka msafi, si Teresa wala sisi. Mtu aliyekulia karibu na Malindi hahitaji kuelezwa habari hizi. Nimesoma na vijana walioacha darasa la saba kwenda ufuoni, na nimekaa mezani na mmoja aliyekuwa akijenga nyumba ya mawe kwa pesa ambazo hakuzitaja. Filamu ile inawatazama bila kuwapamba na bila kuwatukana, na nilipoimaliza nilitoka nje nikatembea hadi barabara kuu. Nikaiwekea ukurasa wa 40. Binamu yangu alipinga tangu siku ya kwanza.

"Kaka, hii ya yule Mwaustria itoe. Imetuchora uchi."

"Imewachora wote uchi."

"Sawa, lakini wao wamerudi kwao. Sisi tuko hapa."

Sikuwa na jibu, lakini ukurasa niliuacha.

Upande wa pili wa mlango kuna suala la msimulizi. Yeyote aliyekulia Kenya katika miaka hii anamjua DJ Afro, anayeichukua filamu ya Marekani, ya India au ya China na kuifunika kwa Kiswahili na Sheng chake, akampa kila mhusika jina jipya na kuamua ni wakati gani wa kucheka. Uganda wanao wasimulizi wao, mavijei. Tanzania walikuwa na Lufufu. Nilipokuwa bandani nilidhani sauti hiyo ni sehemu ya filamu. Nilipoiona Commando ya Arnold Schwarzenegger bila sauti hiyo, niliona kama mtu amenikabidhi chakula bila chumvi. Je, Commando ya DJ Afro ni ya kwetu? Kwa kipimo cha kusimulika, inashinda nusu ya filamu za daftari langu.

Nilibishana na swali hilo miaka miwili, kisha nikaamua kwamba huo ni ufundi mwingine, karibu na utambaji wa ngano kuliko sinema, na unastahili daftari lake. Nilikuwa nimetulia katika uamuzi huo mpaka nilipoona Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, kwa bajeti ambayo husemwa haikufika dola 200. Juu ya filamu yote inapita sauti ya VJ Emmie, anashangilia, anaonya, anakatiza. Nayo haiwezi kuondolewa. Nakala ya awali isiyo na sauti hiyo imepotea, kwa kuwa Nabwana alifuta kazi yake kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza filamu nyingine. Filamu iliyobaki duniani ndiyo hii yenye msimulizi ndani. Hapo uamuzi wangu ulivunjika, nami sikujaribu kuurekebisha. Commando ina mwili wake mwingine Marekani. Captain Alex haina mwili mwingine. Ukurasa wa 39 ni wake. Kila nikiusoma nakumbuka "haya, wa nusu!" na harufu ya dizeli ya jenereta.

Kuna suala la urefu pia, ambalo wenzangu wengi hulitatua kwa saa mkononi: chini ya saa moja si filamu. Mimi nililitatua kwenye basi.

Mabasi ya Lamu hupita Gongoni kwa barabara ya Malindi na Garsen. Baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, safari za huko zilibadilika. Mbele ya Garsen mabasi yalisindikizwa na polisi, na abiria walijifunza kunyamaza kwa namna moja. Nikiwa katika safari kama hiyo, kijana aliyekaa kando yangu alinionyesha kwenye simu filamu ya dakika 22. Ni Watu Wote ya mwaka 2017, kazi ya Katja Benrath na wanafunzi wenzake wa Hamburg Media School, iliyoteuliwa kwa Oscar ya filamu fupi. Inatokana na tukio la Desemba 21, 2015, pale basi lililokuwa likienda Mandera lilipovamiwa na al-Shabaab, na abiria Waislamu wakakataa kutengana na Wakristo waliokuwa nao. Salah Farah, mwalimu, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Filamu inazungumza Kiswahili na Kisomali, na waigizaji ni wa huku. Mwongozaji ni Mjerumani na muda wa filamu ni mfupi kuliko safari ya Gongoni hadi Malindi. Kwa saa ya mkononi, haifai. Kwa pasipoti, haifai. Lakini tulipofika Garsen abiria watatu waliokuwa nyuma yetu walikuwa wamekwisha kuomba simu ipite, na mama mmoja aliyekuwa hana miwani alisimuliwa hadi mwisho. Akauliza "kisha?" Nikaandika namba 36 nilipofika nyumbani.

Urefu ulinirudia kwa Subira, kwa sura nyingine. Ravneet Sippy Chadha aliitengeneza kwanza kama filamu fupi mwaka 2007, msichana wa Lamu ambaye hataki kuishi kwa kanuni alizowekewa. Kisha mwaka 2018 akarudi na filamu ndefu ya jina lilelile, Brenda Wairimu akiwa Subira anayeolewa na kupelekwa Nairobi huku moyo wake uko baharini. Kurasa mbili kwa filamu moja siwezi. Napenda ile ndefu zaidi inapokuwa Lamu kuliko inapokuwa Nairobi, na kuna siku nadhani ile fupi ilikuwa imekwisha kusema yote. Lakini msichana mmoja wa hapa kwetu, aliyeitazama ndefu, alinisimulia kuogelea kwa Subira kwa mikono yake miwili, akipasua hewa. Nikaiweka ndefu.

Mvera ya Daudi Anguka iliingia kwa nguvu za binamu yangu. Ni hadithi ya msichana wa Pwani anayeahidiwa kazi ng'ambo na kukuta nyuma ya ahadi hiyo biashara ya viungo vya binadamu. Mimi nilikuwa na manung'uniko juu ya baadhi ya sehemu zake. Yeye hakunijibu kwa sinema. Alinikumbusha ni nyumba ngapi mtaani kwetu zina binti aliyekwenda Saudia, na jinsi simu ya WhatsApp ikilia usiku kila mtu anavyoamka. "Filamu hii inasimuliwa katika kila jiko la Gongoni," alisema, "wewe tu ndiye hujaisikia." Ukurasa wa 38. Alikuwa na haki.

Rafiki ya Wanuri Kahiu haina ukurasa wala haina hukumu. Ilipigwa marufuku Aprili 2018, mahakama ikairuhusu kwa siku saba Septemba mwaka huohuo, na siku hizo saba mimi sikuwa karibu na ukumbi wa sinema. Sipangi nisichokiona.

Ndoto za Elibidi ya mwaka 2010 bado iko mlangoni. Nick Reding na Kamau wa Ndung'u waliichukua tamthilia iliyokuwa ikichezwa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi wakaifanya filamu, na ndani yake unaona mara jukwaa na umati wa watazamaji, mara nyumba halisi. Binamu anaiita maigizo yaliyopigwa picha. Mimi naona uso wa mtazamaji mmoja katika umati ule, anacheka kisha kicheko kinamkwama, na najua huo si uso wa jukwaani. Nimeipa ukurasa wa 41, miongoni mwa zile 8 za makosa. Imekaa hapo kwa heshima.

Kila mwaka Kenya inaweza kupeleka filamu moja tu katika mashindano ya Oscar ya filamu za kimataifa. Mwaka 2019 ilipeleka Subira, mwaka 2023 ikapeleka Mvera. Katikati yao, mwaka 2020, ilipeleka The Letter ya Maia Lekow na mumewe Christopher King, iliyoonyeshwa kwanza katika tamasha la IDFA, Amsterdam, mwaka 2019. Filamu tatu za Pwani katika miaka mitano, na hii ya katikati ndiyo iliyonikalisha macho, kwa kuwa haina mwigizaji hata mmoja.

Ni filamu ya makala. Karisa, kijana anayeishi Mombasa, anapata habari kwamba nyanyake ametajwa kuwa mchawi. Anarudi kijijini Kilifi kutafuta nani kasema, na anakuta waliosema wako ndani ya familia. Chini ya neno uchawi kuna shamba. Nyanya mwenyewe ana miaka zaidi ya 90 na bado analima. Hayo yote ni kweli, na watu wale walikuwa na maisha hayo kabla ya kamera kufika na waliendelea nayo ilipoondoka.

Anayeishi kaunti hii hahitaji filamu ajue. Wazee wameuawa katika vijiji vyetu kwa tuhuma hii, mara nyingi wenye ardhi, na wengine wamekimbilia makao ya kuwahifadhi, hapa Malindi na kule Kaya Godoma, Ganze. Mvi zimekuwa ushahidi. Hawe yangu, nyanya yangu mzaa mama, alipaka nywele zake rangi nyeusi mpaka mwezi aliokufa. Sisi wajukuu tulimtania kwamba anatafuta mchumba. Alicheka nasi. Nilikuwa nimekwisha kuanza kazi nilipoelewa alichokuwa akikifanya mbele ya kile kioo kidogo kilichovunjika ukingoni.

Hivyo nilipoileta The Letter nyumbani niliijua tayari, nami nilikuwa na shaka mbili. Ya kwanza ni ya kanuni: daftari langu ni la hadithi zilizotungwa, na nikifungua mlango kwa makala nitaufunga wapi? Ya pili sikuweza kuitamka. Niliogopa kumpa nyanya yule namba. Kumwambia mtu wa kweli, aliyekaa kwenye kigoda chake akisubiri wanawe waamue kama ataishi kwa amani, kwamba yeye ni wa 40 au wa 12, kulionekana kwangu kama kumfanyia jambo baya.

Nilimwekea mama kwenye kompyuta, sebuleni, jioni. Alitazama amesimama. Hakukaa hadi katikati, alipokaa ghafla kwenye mkeka kana kwamba magoti yamemwishia. Lugha ilikuwa ya huku, maneno aliyoyasikia tangu utoto, hakuhitaji maandishi ya chini. Ilipoisha hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema:

"Mwanangu, hii si filamu. Filamu ni mambo ya watu. Haya ni yetu."

Nikayachukua maneno yake kuwa hukumu. Nikamwambia binamu kwamba The Letter haiingii, mama amekata. Ndiyo maana usiku ule barazani tulikuwa tunagombania Paradise: Love peke yake, yeye akitaka itoke, mimi nikimwuliza iingie gani badala yake, naye hana. Tulilala hatujaelewana. Lakini kitandani nilijiuliza jambo ambalo nilipaswa kujiuliza zamani: katika miaka yote ambayo Paradise: Love imekaa ukurasa wa 40, ni nani nimewahi kumsikia akiisimulia? Yule rafiki wa nyumba ya mawe niliitazama naye. Alinishukuru, akaenda, na hatukuitaja tena. Ina ukweli, na ukweli wake unatufunga midomo. Labda hapo ndipo kipimo changu kina dosari, na mwingine mwenye daftari lingine atafanya vyema kuipa nafasi niliyoshindwa kuitetea.

Siku chache baadaye nilikuwa natoka chumbani nikasikia sauti ya mama uani. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, na jirani yetu aliyekuja kuazima kinu alikuwa amekikalia kinu chenyewe, amesahau alichojia. Nilifika kwenye mlango wa uani nikasimama.

"Basi yule kijana akateremka kutoka Mombasa," mama alikuwa akisema, "na mfuko wake mmoja tu. Akamkuta bibi yuko shambani, na jembe. Umri ule! Akamwamkia. Bibi akajua pale pale mjukuu amekuja na neno."

"Kisha?" jirani akauliza.

"Kisha akamwuliza, hawe, ni nani wanaosema?"

Akaendelea, mkono ukienda na nazi, mkono ukisimama pale panapouma. Alifuata filamu vizuri kuliko ambavyo ningeifuata mimi. Alipofika kwenye kikao cha familia alimpa kila mmoja sauti yake. Kisha akafika mahali ambapo sikuwa nimepaona. Alisema bibi yule alivua kitambaa chake mbele ya wanawe wote, akainamisha kichwa wakaona mvi zake, akawaambia hizi nimezipata kwa kuwalea, sitazipaka rangi.

Jirani akashika mdomo.

Nilibaki mlangoni, mkono kwenye fremu, mpaka mama alipomaliza na kuanza tena kukuna. Kisha nikarudi ndani kutafuta gundi.